Gesi Kwenye Maziwa ya Meneja

Jumamosi, 14 Februari 1998

Nimeanza shajara. Daftari ni la misheni ya Karema, la mwaka 1991. Jipya kabisa, isipokuwa kurasa za Januari ambazo panya wamezisoma. Siku za wiki nazisahihisha kwa mkono. Watu wakubwa huandika mambo yao. Mimi shule niliacha darasa la tano, kwa hiari yangu. Mwalimu naye hakunizuia.

Leo siku kubwa. Wakwe wamekuja kwa dada yangu Hilaria, hapa Magamba, kupanga siku ya kuleta ng'ombe wa mahari ya mpwa wangu Bernadetha. Baba yake alishafariki, kwa hiyo msemaji ni mimi, mjomba. Nimesema sana.

Mzee Kashinje, baba wa bwana harusi, ni Msukuma mwenye ng'ombe wa kujaza uwanja wa mpira. Kasema watakuja Jumapili ijayo, tarehe 22. Si siku nyingine. Jumatano yake ni ya Majivu, na Kwaresima padri hataki kusikia ngoma. Pasaka ikipita, wao wanahamishia mifugo bonde la Rukwa, hawarudi mpaka mwakani. Ama Jumapili, ama Bernadetha akae mwaka mzima anasubiri. Binti alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza. Niliona vidole vyake vya miguu.

Yakaja maneno ya kinywaji. Hilaria kaahidi togwa. Kashinje kasema togwa ni nzuri, ila aliwahi kwenda harusi Mwanza akapewa soda yenye maziwa juu, tamu, ina povu, na mpaka leo ulimi wake unaiulizia. Alikuwa anapiga hadithi tu, maskini. Mimi nikasimama. Nikasema mkwe wangu, soda hiyo utainywa hapahapa! Nikawaambia kwamba nilikuwa mkuu wa gesi kwenye kiwanda cha soda Tabora, miaka minne, na siku niliyoacha kazi soda zilikosa gesi nchi nzima.

(Hii ni shajara, naweza kusema. Nilishusha kreti stesheni ya Tabora wiki mbili. Kreti tupu. Lakini zilikuwa za soda.)

Hilaria akanikanyaga mguu. Soda Mpanda hakuna tangu mvua za El Nino zizoe reli. Maduka ya stendi yamebaki na chupa tupu na nzi. Lakini Kashinje alikuwa ameshapiga makofi! Hapohapo akanitajia ng'ombe wa mjomba, kama desturi inavyotaka: jike mwekundu mwenye pembe moja. Na kwa ajili ya soda, nianze kuchukua maziwa yake kesho, hata kabla hajafika kwangu.

Nimeshampa jina. Meneja.

Jumapili, 15 Februari

Baada ya misa nimekwenda zizini. Mke wa Kashinje, Mama Kabula, kanipa maziwa ya Meneja kwenye kibuyu. Vibuyu vyao wanavifukiza moshi, maziwa yananukia kama jiko la bibi yangu. Kabla hajakiachia akashika shingo ya kibuyu na kunipa masharti. Maziwa haya kunywa. Gandisha. Mpake mtoto, ukitaka. Lakini usiyatie magadi, usiyatie ndimu, usiyatie kitu kinachochemkachemka. Ukiyatesa maziwa, ziwa lililoyatoa linasikia, na ng'ombe ataumwa huku alipo.

Nikamkumbusha kwamba mumewe mwenyewe ndiye anataka soda. Akasema mume wake anafikiria ulimi, yeye anafikiria ng'ombe.

Nikaapa. Niliapa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na kibuyu. Kiapo cha kushoto sina hakika kama kinahesabika.

Narudi nyumbani, nakuta fedheha. Hilaria kaenda kwa jirani yetu Didace kumwomba aandae juisi ya ndizi mbivu, "endapo." Endapo nini? Didace ni mtu aliyekuja kijana kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akaishi Katumba, akaoa huku Magamba. Hasemi. Analima tu na kutabasamu. Watu wanampenda kupita kiasi. Sijawahi kumwamini mtu asiyejisifu. Anaficha nini?

Jumatatu, 16 Februari

Jaribio la kwanza. Gesi ni jambo rahisi. Magadi ya kupikia maharage ukiyamwagia ndimu yanachemka. Kwa hiyo: maziwa, sukari, magadi, ndimu. Nikakoroga kwa ufundi. Likapanda povu la heshima! Nikamwita Hilaria aje ashuhudie.

Alipofika povu lilikuwa limelala. Chini maji ya kijani, juu mabonge. Akauliza ni soda au ni mtoto kacheua. Nikamweleza kwamba kiwandani hatua hii tuliiita kuganda kwa mwanzo. Akasema basi ninywe mwanzo huo.

Nikanywa. Mwanamume hakimbii. Nimekwenda chooni mara nne, na mara ya nne nilikimbia.

Jumanne, 17 Februari

Nimegundua siri! Ndimu na maziwa hawapatani wakikutana ghafla. Kwa hiyo tengeneza soda peke yake kwanza: sukari ichemshwe na maji mpaka iwe nzito, itiwe vanila, ipoe ndani ya mtungi. Ndipo magadi kidogo na ndimu kidogo, povu litulie. Mwisho kabisa, utando wa juu wa maziwa unaumwaga polepole kwa mgongo wa kijiko, unakaa juu kama kofia.

Bernadetha ndiye aliyesema maneno haya, akiwa anapepeta mchele, bila hata kuniangalia. Lakini mimi ndiye niliyegundua kwamba ana akili.

Tumejaribu. Imekubali! Kofia nyeupe, mwili wa dhahabu, mapovu madogo yanapanda kama waumini wanakwenda komunio. Harufu ya maharage ipo kwa mbali. Nimeongeza vanila. Sasa inanuka maharage yaliyokwenda harusini.

Tatizo moja. Utando ni mwembamba. Meneja anakula majani ya porini kama kila mtu. Nimekaa nikafikiri. Kiwanda kinatoa kinacholishwa. Na pale uzioni, mita hamsini kutoka nilipokaa, kuna kunde za Didace. Majani mapana, laini, yanameta kwa mvua. Hata mimi yalinitia njaa.

Jumatano, 18 Februari

Alfajiri nimepita uzio wa Didace, upande ule kigingi kimelegea. Gunia moja tu. Nimempelekea Meneja. Kala kama mtu aliyetoka jela! Mama Kabula kauliza majani gani yale. Nikamjibu ya porini. Akasema pori la siku hizi limestaarabika.

Utando wa jioni: nadhani umeongezeka. Nimeupima kwa kidole. Hilaria kanipiga kidole.

Jioni Didace kapita, kasalimia, kauliza kwa upole kama nimeona mbuzi wa mtu karibu na kunde zake. Nimemwambia nimemwona, mbuzi mkubwa, mweusi, ana ndevu. Kaniangalia ndevu. Kashukuru, kaenda zake.

Alhamisi, 19 Februari, mchana

Naandika nimejificha kwenye ghala la dada, katikati ya mahindi.

Nianze mwanzo. Usiku ilinyesha. Alfajiri nikachuma magunia mawili, yakiwa yanachuruzika maji. Nilijiambia, Jumapili iko karibu, huu si wakati wa uchoyo. Meneja kamaliza yote. Nikarudi nyumbani, nikatengeneza chupa moja safi, nikavaa koti, saa nne nikaenda nayo kwa Kashinje aonje. Hakuna aliyeniita. Sifa ilinituma.

Kashinje akaonja. Akafumba macho. Akasema Mwanza! Mwanza yenyewe! Akampa mkewe. Mama Kabula hakunywa. Alinusa tu, akaujua moshi wa kibuyu chake. Akaniuliza polepole nimeyafanya nini maziwa yale.

Hapa mtu mwenye busara angekohoa. Mimi nikasimama, koti limefungwa vifungo vyote, nikasema: "Mama, nimeyatia gesi!"

Kabla sijafunga mdomo, kelele zikatoka zizini. Meneja amevimba. Ubavu wa kushoto umepanda kupita mgongo, ngozi imekaza kama ngoma, ukigonga inalia. Miguu kaitanua, ulimi nje, anahema kwa shida.

Watu wakamwangalia ng'ombe. Wakaiangalia chupa. Wakaniangalia mimi. Povu nalo kwenye chupa likatoa sauti ndogo: tss.

Mama Kabula akashika kichwa. Akasema ziwa limesikia. Akasema nyie watu wa Magamba mmetuonyesha. Mzee mmoja wa kwao akasema haijapata kutokea waoe kwenye ukoo unaotia gesi ng'ombe wa watu kwa mbali, maana leo ni ng'ombe, kesho ni mjukuu tumboni. Kashinje akaiweka chupa chini kama mtu anaweka yai. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikasema nakwenda kuleta dawa. Nikaja huku ghalani.

Najua kilichomvimbisha. Mtoto yeyote wa mfugaji anajua majani mabichi ya kunde yenye maji yanafanya nini tumboni. Mimi si mtoto wa mfugaji, lakini nimeona mwenyewe magunia yanaingia na hayatoki. Nikisema, mimi ni mwizi wa kunde za Didace. Nisiposema, mimi ni mchawi wa gesi. Mchawi wa gesi angalau ana cheo...

Bernadetha kaja. Kasimama mlangoni, mikono ina unga. Hakulia. Kaniuliza, "Mjomba, kuna kitu kingine ulimpa?" Nikasema kitu gani. Akaliangalia gunia, lina madoa ya kijani. Akasema ikiwa ni gesi, posa yake imekufa leo, maana kitu cha namna ile hakuna wa kukitoa. Ikiwa ni chakula, chakula kina dawa. Halafu akakaa chini palepale, kwenye vumbi, binti ambaye Jumapili anavalishwa.

Nafunga daftari.

Alhamisi hiyohiyo, jioni

Nimerudi zizini. Njiani nilitunga maelezo matatu, moja lina chui.

Nakuta Didace ameshafika! Nani alimwita? Bernadetha. Kamfungia Meneja kijiti mdomoni kama lijamu ili atafune na kucheua. Anataka mafuta. Hilaria kaja mbio na mawese ya kukaangia maandazi ya Jumapili, yale aliyotumiwa na mke wangu kutoka Karema. (Mke wangu alikwenda kusalimia kwao mwezi wa saba mwaka jana. Bado anasalimia.) Chombo cha kunyweshea hakipo. Didace akaichukua chupa yangu ya soda, akaimwaga chini soda yote. Nilisikia uchungu, nakiri. Akajaza mawese, akainua kichwa cha ng'ombe, akamimina kwa pembeni mwa mdomo. Halafu akasema tumtembeze kupanda kilima, ili kichwa kikae juu.

Huku tunamsukuma, Didace akawa karibu na sikio langu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa nyayo alizoziona kwenye kunde zake, katambuga yangu ya kulia imekatwa kwenye tairi la trekta na ya kushoto kwenye tairi la baiskeli, na kwamba hakuna mbuzi Mpanda nzima anayevaa hivyo. Akasema, "Yeye hawezi kusema, mzee Isidori. Mimi sitasema. Amebaki mmoja."

Nikaangalia chini ya kilima. Bernadetha kasimama peke yake. Wakwe upande wao, Hilaria upande wake, yeye katikati hana upande.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, kwa mara ya kwanza bila koti: si gesi. Ni kunde. Nimemlisha mimi, za kuiba, za Didace, gunia moja jana na mawili leo, mabichi. Nilitaka utando. Na Tabora nilikuwa nashusha kreti.

Hilo la Tabora hakuna aliyeliuliza. Lilitoka lenyewe, kama Meneja alivyotoa lake. Maana hapohapo alicheua! Mama yangu! Upepo ule, ungeuwekea chupa ungefungua kiwanda. Ng'ombe wa zizi zima waligeuka. Ubavu ukashuka, akajitikisa, akaanza kutafuta majani.

Kashinje akacheka mpaka akashika mti. Akasema mtu anayevimbisha ng'ombe kwa kutia gesi maziwa huyo humwozi wala humwoi. Lakini anayemvimbisha kwa kumlisha kupita kiasi ni mfugaji. Mjinga, ila mfugaji. Jumapili wanakuja.

Mama Kabula hakucheka. Akasema maziwa ya Meneja yataenda kwa Didace mpaka kunde nyingine zikomae. Na kiapo cha mkono wa kushoto alikiona.

Ijumaa, 20 Februari

Nimepalilia kunde za Didace. Kutwa. Mgongo umekuwa wa mzee wa kanisa. Saa sita mkewe kaniletea juisi ya ndizi. Sikutaka kuinywa. Nimekunywa vikombe vitatu ili nijue ubaya wake. Sijaupata.

Jumamosi, 21 Februari

Nimepalilia tena. Kigingi kilicholegea kimegongomelewa. Nimekigongomelea mimi, Didace ananishikia.

Hilaria kaniambia kesho nikae karibu na mlango, nisalimie, nisisimame. Nimeuliza na soda je. Kasema soda ipi.

Jumapili, 22 Februari

Wamekuja! Ng'ombe wamepita katikati ya Magamba, vumbi, vigelegele, Malale bwana harusi mbele na fimbo yake. Meneja wa mwisho, anatembea kama hakuna kilichotokea. Bernadetha kavishwa. Mzuri, nitasema nini tena. Amefanana na mimi.

Togwa ikazunguka. Juisi ya Didace ikazunguka, ikasifiwa, ikazunguka tena. Mimi mlangoni, kimya. Kazi ngumu kuliko kupalilia.

Ndipo Kashinje akauliza kwa sauti, soda yangu iko wapi? Macho ya Alhamisi yakarudi. Hilaria akaniangalia kwa jicho la kuua. Lakini Bernadetha alikuwa ameshainuka. Katoka ndani na vitu viwili kwenye sinia: glasi ya soda isiyo na maziwa, na kikombe cha maziwa yasiyo na soda. Akapiga goti mbele ya baba mkwe. Akamwambia hivi havijakutana na hapa kwetu havitakutana. Anywe hiki fundo moja, na hiki fundo moja. Vikitaka kujuana vijuane tumboni kwake, ambako mwenye amri ni yeye.

Watu wakamwangalia Mama Kabula. Akasema tumbo la mume wake hajawahi kulisemea.

Kashinje akanywa. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Kulia, kushoto. Akamaliza. Akatulia, kashika magoti.

Akacheua. Cheuo la mwenye mifugo, refu, lenye kona.

Sote, wakwe na sisi, tukageuka kwa pamoja kuangalia nje. Meneja alikuwa anatafuna uzio wa Hilaria. Mwembamba kama sala ya asubuhi.

Mama Kabula akapiga kigelegele cha kwanza. Vingine vikafuata.

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Padri kanipaka majivu, kaniambia nitubu. Nimetubu. Palepale, sikuchelewesha.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kwanza, unyenyekevu. Katika unyenyekevu, hapa Magamba sasa hakuna anayenifikia. Pili, kwamba soda si kazi ya mtu wa hadhi yangu.

Maana leo, baada ya misa, kaja mtu kutoka Litapunga. Kasikia kuna mzee huku aliyemtoa ng'ombe gesi mbele ya watu, ng'ombe akatembea. Anataka kumjua. Ningeweza kumwonyesha nyumba ya Didace, ni mita hamsini. Lakini Didace hapendi sifa, na mimi nimeahidi kuwa jirani mwema. Nimemwambia amefika. Nimemwambia kwamba nilikuwa daktari mkuu wa matumbo, Tabora, miaka minne.

Ataleta ng'ombe wake wagonjwa Jumamosi. Chupa ninayo. Mawese Hilaria anayo. Nimebakiza jambo moja dogo. Daktari hawezi kumwendea mgonjwa bila mazoezi, na Meneja yuko hapa hapa uani, mzima wa afya, hana hata dalili.

Kigingi cha Didace nilikigongomelea mwenyewe. Najua kinavyotoka. Kesho alfajiri, gunia moja tu.